Baruti Aliyoichagua Kapteni

Juzi walikuja saluni kwangu watu watatu wa kamati ya mazishi, nyuso za msiba wamezivaa tangu mlangoni, kuniomba niseme maneno machache kanisani Jumamosi. Juu ya marehemu Kapteni. Eti katika Wakongomani wote wa Durban mimi ndiye niliyemjua zamani zaidi, kwa hiyo niwaeleze vijana namna alivyopoteza jicho lake la kuume akipigania nchi. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa nusu bado. Nikaacha kusuka. "Nchi gani hiyo aliyoipigania?" nikauliza. Wakatazamana. Mama mmoja wao akanijibu polepole, kama anasema na mgonjwa: "Nchi yetu, mama. Si batu bote banajua?" Basi hapo ndipo roho iliponichafuka. Batu bote banajua! Hakuna uongo unaoshika mizizi kama ule ambao watu wote wanaujua. Nikawaambia koo linaniuma, wamtafute mtu mwingine. Wakanipa pole ya koo na pole ya msiba pamoja, wakaenda zao. Koo langu lilikuwa zima kama la jogoo. Nimemlilia Célestin, huyo Kapteni wao, nisimsingizie Mungu, nimemlilia siku mbili mpaka wateja wakanikimbia. Lakini kusimama mbele ya jeneza nikatangaza vita ambavyo havikupiganwa, hapana. Jicho lile halikupotea vitani. Lilipotea asubuhi moja kwenye shamba la mifugo huko mbele ya Pinetown, kwa sababu ya wanaume wawili wapumbavu na kopo moja la baruti, na mimi nilikuwepo, nimebeba kikapu cha mikate.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa mfanyakazi wa ndani Queensburgh, katika nyumba ya mzee mmoja Mzungu aitwaye Gerrit. Mkewe alikuwa amekufa, watoto wamehamia ng'ambo, na yeye mwenyewe alikuwa ameuza bima maisha yake yote, kazi ya kuwatisha watu kwa ajali. Jina langu, Riziki, lilimshinda siku ya kwanza, akalikata akaniita Ricky, kama mvulana wa kukata majani. Chumba changu kilikuwa uani, kimeegemea gereji, na kati yangu na gereji palikuwa na ukuta mwembamba hata mtu akipiga chafya kule mimi huku nasema "afya." Nilipikia humo humo kwenye jiko dogo la umeme. Nikipika sombe, majani yetu ya muhogo, Gerrit alikuja kugonga mlango na kuuliza kama kuna kitu kimekufa bombani. Na yeye je! Yeye ambaye gereji yake ilinuka mafuta ya bunduki, soksi na mbwa, alikuwa na pua ya kuuliza mambo ya sombe yangu.

Gereji hiyo aliiita chumba cha kazi. Kazi gani, jamani! Gari lililala nje mvuani ili meza ipate nafasi ndani. Juu ya meza palikuwa na mashine ya mkono ya kushindilia, mizani ndogo kama ya mwuza dhahabu, maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa na kuoshwa yakang'aa, na kwenye rafu makopo ya baruti yamepangwa mstari kama maziwa ya unga dukani. Maana Gerrit, badala ya kununua risasi zilizo tayari kama watu wengine, alijitengenezea mwenyewe: anachukua ganda tupu, anatia kiwashio kipya kitakoni, anapima baruti, anamimina, anashindilia kichwa cha risasi juu. Kutwa nzima. Kila Jumamosi rafiki yake Bwana Pillay, Mhindi wa Sydenham aliyekuwa amestaafu kufundisha kemia, alikuja na sambusa zake kwenye kitambaa, wakajifungia humo na kubishana kuhusu baruti kama wanawake wa soko la Kadutu kule kwetu wanavyobishana kuhusu mchele: huu unavimba, ule unashikana, wa mwaka jana ulikuwa bora. Mimi nilikuwa nimetembea kwa miguu na magari ya mizigo nchi nne kukimbia vitu hivyo hivyo. Nilikuwa naingia na chai, naona mwanaume mzima na nywele zake nyeupe ameinama juu ya punje za baruti kama mama anayemnyonyesha mtoto, natoka nje, natema mate kwenye maua.

Lakini nitampa Bwana Pillay haki yake, alijua anachosema. Siku moja nilimwuliza kwa nini makopo ni mengi namna ile kama baruti ni baruti. Alifurahi kuulizwa, maana walimu hawastaafu. Akaniambia, mdomo umejaa sambusa, kwamba kuna baruti inayowaka upesi na kuna inayowaka polepole, na hizo hazibadilishani kazi. Bunduki ndefu ya kuwinda tandala inataka ya polepole, ile inayosukuma risasi mwanzo hadi mwisho wa mtutu, kama watu wanaosukuma gari lililozimika. Ukichukua ya upesi ukaitia kwa kipimo cha ile ya polepole, haisukumi tena, inalipuka palepale, na moto ukikosa njia ya mbele unarudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Kwa hiyo kila baruti ina kipimo chake kitabuni, na mezani linakaa kopo moja tu, basi, mengine rafuni, ili mkono usikosee. "Mtu hachagui baruti kwa kuipenda," alisema. "Anafungua kitabu." Gerrit akacheka kwa pua. Alisema vitabu hivyo vimeandikwa na wanasheria wanaoogopa kivuli chao.

Mnielewe, shida ya Gerrit haikuwa baruti. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda kuwinda na wenzake, akasimamishwa mbele ya tandala dume mwenye pembe za kutundikia kofia, karibu tu, akamkosa. Wenzake wakamcheka njia nzima hadi Durban. Mkono ulimtetemeka, basi, ndio uzee, wala si aibu. Lakini mwanaume wa namna ile hawezi kusema mkono wangu. Alisema baruti. Baruti ni nzito, baruti ni ya zamani, baruti imeingia unyevu wa Durban. Akaapa kwamba msimu ujao atakuwa na risasi ya kasi, na mwaka mzima akawa anaitafuta baruti ya kumtetea mbele ya wale waliomcheka. Asiyejua kucheza ngoma hulaumu uwanja, na huyu alilaumu hadi vumbi la uwanja.

Ndipo Célestin akaingia, na aliyemwingiza ni mimi. Alikuwa yaya kwangu, yaani kaka mkubwa, si wa tumbo moja ila wa uwanja mmoja. Kule Bukavu tulikaa parcelle moja, mlango wake ukitazama wetu. Alikuwa amefika Durban karibuni, amechakaa, analala kwa watu, na Gerrit alitaka mtu wa kukata majani na kuosha bwawa. Nikamsemea. Wiki ya kwanza alikula chakula chake kwenye ngazi za nyuma, katika bakuli la bati, na Gerrit alimwita "wewe" na "kijana," mtu aliyenipita mimi kwa miaka kumi na tano. Célestin alikuwa mwanaume wa kujitunza. Kule kwetu alikuwa mpiga pasi wa hoteli moja kando ya ziwa, na katika kwaya alikuwa sauti ya tatu. Kola ya shati lake ilisimama yenyewe hata siku ya njaa. Hicho kijana-kijana kilimla ndani. Nilikiona kinavyomla.

Jumamosi moja nilikuwa chumbani nakoroga sombe, nikasikia kupitia ukuta Gerrit akimwuliza, kwa Kiingereza chake cha kuwasemea wageni, cha sauti kubwa kana kwamba wote ni viziwi: "Wewe unatoka Kongo, eh? Kule ni vita tu. Bila shaka ulikuwa askari." Célestin angeweza kusema hapana, mimi nilipiga pasi. Neno moja. Nilisimama na mwiko mkononi nikilisubiri. Akasema: "Kapteni." Na mle gerejini nikasikia kiti kinavutwa. "Keti, Kapteni," Gerrit akasema. "Pillay, mpe Kapteni sambusa."

Jioni nilimngoja kwenye kamba ya nguo. "Yaya, weye ni kapteni wa nini? Wa pasi?"

"Punguza sauti."

"Wapi! Risasi ya kwanza ilipolia kwetu, ni nani alikuwa chini ya kitanda cha mama yangu? Si nilikuwa naye mule? Si ulinikanyaga mkono ukitafuta nafasi?"

"Riziki," akasema, na alikuwa anatabasamu, mshenzi, alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu afike. "Leo nimeketi kwenye kiti. Nimepewa kikombe na sahani yake. Yule muzee ameniuliza maoni. Weye unataka nimwambie nini, nilikuwa nanyoosha mashuka ya watalii?"

"Ndiyo! Kazi ya halali!"

"Aka. Acha."

Nikamwambia uongo ni kama mimba, utaonekana tu. Akaniambia mimba zingine zinatoka zenyewe, akaenda zake akipiga mluzi. Toka siku ile kila Jumamosi wakawa watatu mezani: mwuza bima, mwalimu na Kapteni. Nilipoingia na chai nilimkuta amekunja mguu, kidole kwenye kidevu, kama waziri. Elimu yake yote ya kijeshi ilikuwa neno moja. Kapteni, risasi nzito au nyepesi? "Inategemea." Kapteni, mtutu mrefu au mfupi? "Inategemea." Na Gerrit akitikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu kwake yeye Mwafrika aliyetoka vitani lazima anajua silaha, kama vile Mchina lazima anajua karate. Hakumwuliza hata siku moja alikuwa jeshi lipi, upande upi, wala kama alipoteza mtu. Ningemwambia nami ni daktari wa mamba angeamini. Mara moja tu Bwana Pillay alimwuliza kule walitumia bunduki za aina gani. Célestin akamtazama kwa huzuni kubwa. "Nyingi," akasema. Mwalimu akaona haya kuendelea.

Watu huniuliza kwa nini nina ulimi mkali juu ya wanaume wa kanisani wanaojipa vyeo, huyu Askofu, huyu Ambassadeur, yule Docteur wa kuuza vioo vya simu pale mjini. Ni kwa ajili ya mwaka ule. Niliona cheo kinavyopatikana: mpumbavu mmoja anauliza swali la kipumbavu, na mwenye njaa ya heshima hana nguvu ya kulikataa. Aliyeuliza anapenda jibu kuliko hata aliyelitoa. Baada ya hapo wote wawili wanalilinda pamoja, kama mume na mke wanaolinda siri ya nyumba.

Sasa sikilizeni jinsi baruti ilivyochaguliwa. Safari ya kuwinda ilikuwa imekaribia, na Gerrit alikuwa amenunua makopo mawili mapya. Niliingia na sinia, nikayakuta yote mawili mezani yamefunguliwa, na Bwana Pillay amesimama, hakuketi. "Gerrit, kopo moja," alikuwa anasema. "Kopo moja tu mezani, nimekwambia mara ngapi." Gerrit hakumsikia. Alimimina kidogo kutoka kila kopo kwenye visahani viwili vya chai, visahani ambavyo ningeviosha mimi jioni, akavisukuma mbele ya Célestin. Kimoja kilikuwa na punje nene nyeusi kama risasi za kalamu zilizokatwakatwa. Kingine kilikuwa na punje ndogo, laini, zinateleza. "Kapteni," akasema, "wewe umefanya haya ambapo kukosea ni kufa. Ni ipi?"

Célestin alichota ile nene, akaiviringisha kati ya kidole gumba na cha kati, akaitupa. Akachota ile laini, akaisugua taratibu, akaileta puani, akaisikiliza kabisa karibu na sikio. Nami niliyesimama na birika, mwendo ule wa vidole niliujua. Ndivyo alivyokuwa akipima wanga wa nguo, uani kwetu, kabla ya kukoroga maji ya kunyooshea kola. Wanga mzuri ni laini, hauna mabonge, unateleza. Mbovu ni mzito, unaacha madoa. Yule mtu alikuwa anachagua baruti ya bunduki kama anavyochagua wanga wa kola! "Hii," akasema. "Iko laini. Iko sawasawa. Ile ingine ni ya watu wasiojua."

"Umeona vidole?" Gerrit akamwambia Pillay, na macho yalimlowa, naapa. "Umeona anavyoishika? Kitabu hakikufundishi kitu kama kile."

"Hiyo laini ndiyo ya upesi," Bwana Pillay akasema. "Ni ya bunduki fupi. Kwa bunduki yako na kwa kipimo chako ni bomu, Gerrit. Tafadhali. Nimekuletea ukurasa wenyewe."

"Kapteni, kipimo kibadilike au kibaki kile kile?"

Nilimwona Célestin akifungua mdomo kusema inategemea. Lakini safari hii walimtazama wote wawili wakingoja jibu lenye miguu. "Kile kile," akasema.

Bwana Pillay alifunga kitabu chake, akakunja kitambaa cha sambusa, akatoka. Nilimfuata hadi langoni. "Siku watakapoijaribu," akaniambia, "usisimame karibu." Ndilo lililokuwa neno lake. Hakulichukua kopo, hakumpigia mtu simu, hakurudi kumshika rafiki yake shingo. Msomi aliokoa kitabu na sambusa, akapanda gari lake akarudi Sydenham kwa mkewe. Sikumwona tena, na nikimwona leo nitamwambia hivi hivi ninavyowaambia ninyi.

Basi ikabaki mimi. Sijui baruti, sikuwahi kujua, lakini nilijua kwamba asiyeelewa amechagua na asiyesikia amekubali, na kwamba Jumamosi ijayo mtu mmoja ataweka shavu lake kwenye bunduki ile. Asubuhi ya Jumatatu Gerrit alikuwa jikoni anakula yai lake. Nikasimama mbele ya meza, sikukaa, wala hakuniambia niketi.

"Bosi, Célestin si askari."

"Eh?"

"Hajawahi kushika bunduki. Alikuwa anapiga pasi hotelini. Alichagua ile baruti kama wanga wa nguo."

Akaweka kijiko chini, akanicheka. Akasema anatujua sisi, hatupendi mwenzetu akipanda, lazima tumvute mguu. Akasema wivu si mzuri kwa msichana mdogo. Nikamwambia: "Vita vilipokuja nilikuwa naye chini ya kitanda kimoja. Alilia kuliko mimi." Gerrit akaacha kutafuna. Sekunde kadhaa hivi, yai mdomoni, ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza anagundua nina uso. Nikasema moyoni, amesikia, Mungu asifiwe. Kisha akameza, akasema: "Ricky, leta mkate mwingine, huu umeungua." Haukuwa umeungua. Nikaleta mwingine.

Jumamosi tulikwenda kwa gari lake, wao wawili mbele na mimi nyuma na kikapu. Rafiki wa Gerrit mwenye shamba alimruhusu kulenga shabaha kwenye korongo nyuma ya zizi. Kulikuwa na joto lile la Durban la kufungua kinywa, ng'ombe wamesimama tu. Gerrit aliweka meza ya kukunja, magunia mawili ya mchanga, bunduki juu yake, na shabaha mbali kwenye ukingo wa udongo. Akatoa risasi kwenye kijisanduku, moja moja, zimeng'aa vizuri, nami nilidhani sasa ataketi apige, maana bunduki ni yake, risasi ni zake na tandala ni wake. Akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe. "Kapteni," akasema, "heshima ya risasi ya kwanza ni yako."

Nilimtazama mzee yule. Hakunitazama. Alikuwa anatafuta mfukoni miwani yake ya plastiki ya kukinga macho, na ilikuwa moja tu, na alipoipata aliivaa yeye. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama nyuma ya gari. Nyuma ya gari, jamani! Hapo ndipo nilipojua kwamba Jumatatu alinisikia vizuri sana. Aliamini nusu. Na kwa hiyo nusu aliyoiamini, alimpa mwenzangu kiti. Nimekutana na watu wabaya njiani, wenye mapanga na wenye mihuri, lakini sijamdharau mtu kama nilivyomdharau mwuza bima yule na miwani yake siku ile. Na najua, sihitaji kuambiwa, ni maneno yangu yaliyomsogeza nyuma ya gari.

Nikaacha kikapu nikamwendea Célestin. Nilisema Kiswahili chetu, kwa sauti ya chini. "Yaya, kataa. Sema tumbo linauma. Sema ukweli, sema lolote. Yule ameogopa, ndiyo maana anakupa weye."

Alikuwa ameketi tayari. Jasho lilimtiririka kwenye kola, ile kola yake iliyonyooka. "Najua," akasema.

"Unajua, na unaketi?"

"Nikiinuka hapa, kesho niko kwenye ngazi na bakuli la bati. Nimechoka, Riziki. Hata weye hauniheshimu. Miye sijawahi kuwa mutu mbele ya batu. Ondoka kando."

"Célestin!"

"Ondoka kando, nimesema."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kunipa amri, na miguu yangu ikatii kabla sijaiuliza. Nilikwenda hadi kwenye zizi. Nikasikia mlipuko, lakini haukuwa mlio wa bunduki, ulikuwa kama mlango wa chuma umefungwa kichwani mwangu, na ng'ombe wote wakakimbia. Nilipogeuka alikuwa chini kando ya kiti, mkono juu ya uso, kati ya vidole damu na weusi. Bunduki ilikuwa imefumuka pale pa kuingizia risasi. Gerrit alikuwa bado nyuma ya gari, anasema "eish, eish, eish," hilo tu ndilo alilojifunza kwetu sote.

Njiani kwenda hospitali nilimshika Célestin kichwa mapajani, na Gerrit akiendesha alikuwa anapanga maneno. Polisi wakijua watachukua bunduki zote, alisema, na leseni, na labda watamwuliza Célestin karatasi zake pia, je, tunataka hilo? Tuseme ni jeraha la zamani limefunguka. La vita. Nikamwuliza kama ana wazimu. Kutoka mapajani pangu Célestin akasema: "Ndiyo. La vita." Hata katika damu walipatana! Nikafunga mdomo, nikawa namtukana kimya kimya, nayapanga matusi kichwani kwa lugha zote nilizookota njiani, ili akipona niyamwage yote kwa mpigo.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa Kizulu, mpana, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa na kila aina ya mgonjwa. Gerrit akaanza: jeraha la zamani, mama, la vita ya Kongo. Muuguzi aliinama, akanusa. "Hawu! La zamani, na bado linatoa moshi?" Akamgeukia Célestin. "Vita gani, baba?" Célestin akageuzia uso upande wangu. Muuguzi akanitazama mimi. "Ya Queensburgh," nikasema. Hakucheka. Alimnyooshea Gerrit mlango kwa kidole, naye Gerrit akatoka, na nadhani alitoka kwa furaha. Hakurudi. Siku iliyofuata nilichukua nguo zangu na sufuria yangu ya sombe, na nyumba ile sijaiona tena.

Jioni waliponiruhusu kuingia, kichwa cha Célestin kilikuwa kimefungwa chote, macho yote mawili, ingawa jicho moja walikuwa wamekwisha kuniambia haliponi. Nilisimama miguuni pa kitanda na matusi yangu yote tayari. Mwongo, mjinga, mpiga pasi, umeuza jicho kwa kikombe na sahani. Nilivuta pumzi.

"Riziki, uko?"

"Niko."

"Uliona?"

"Niliona nini?"

"Sikufumba macho," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayengoja kusifiwa. "Nilidhani nitafumba. Nilikuwa najua itapasuka, nikavuta tu, na sikufumba hata kidogo. Uliona?"

Nikaja karibu, nikaketi, nikamshika mkono. Nikamwambia, "Nimeona, yaya. Yalikuwa wazi yote mawili." Akashusha pumzi, akalala. Pale zizini, bunduki ilipolia, nilikuwa nimewapa mgongo, na mimi nilikuwa nimefumba yangu.